KIAMA HAKINGOJI KABATI

Hapana mwaka upitao bila ya kutokea mtu wa kututangazia kwamba dunia imekwisha. Leo ni nyota yenye mkia, kesho ni hesabu za tarehe, keshokutwa ni vita vya mabomu makubwa. Watu husikia, hushtuka, hununua sukari na mishumaa; kisha siku iliyotajwa hupita kama Jumanne nyingine yoyote, mwenye nyumba akaja kudai kodi yake, na yule mtabiri akaonekana sokoni akipatana bei ya nyanya.

Sisi si mashehe wala mapadri, na habari za Kiama chenyewe twawaachia wenyewe. Twajua jambo moja tu, ambalo misikiti na makanisa yetu yote yamekubaliana juu yake: safari ile haina mizigo. Aendaye huko huenda na matendo yake, na matendo hayafungwi kwa kamba. Kwa hiyo shauri letu la leo halihusu Kiama kikubwa. Lahusu viama vidogo: mafuriko, kimbunga, tetemeko na moto; vile vinavyoingia bila kupiga hodi na kumpa mwenye nyumba dakika kumi za kuamua achukue nini na aache nini.

Dakika kumi hizo ni mtihani mkubwa. Mtu aweza kufanya kazi miaka thelathini, akanunua kitanda, kabati, meza, runinga na feni mbili; lakini akili yake haitapimwa kwa hivyo vyote. Itapimwa kwa kile alichokuwa nacho mkononi alipotoka mlangoni mbio. Na wapo, ndugu wasomaji, waliotoka na mto wa kulalia wakaacha mtungi wa gesi wazi, na wapo waliookoa kiatu kimoja.

WENZETU WALIVYOJIANDAA

Tusidhani kwamba upungufu huu ni wetu peke yetu. Mwezi Mei 1910, dunia ilipokaribia kupita katika mkia wa nyota ya Halley, walikuwako watu katika Ulaya na Marekani walioziba matundu ya funguo zao kwa matambara ili hewa ya sumu isipate njia. Walikuwako na wengine, wajanja zaidi, waliowauzia hao wa kwanza vidonge vya kujikinga na nyota. Vidonge vikaisha, dunia haikuisha.

Mwaka 1980 Serikali ya Uingereza ilitoa kijitabu kiitwacho Protect and Survive, kuwafundisha raia namna ya kuokoka siku ya bomu la nyuklia. Humo mwananchi aliambiwa ang'oe milango ya nyumba yake, aiegemeze ukutani, ailundikie mifuko ya udongo au mchanga, kisha aingie chini yake pamoja na jamaa zake na chakula cha siku 14. Hatuna la kusema juu ya bomu. Twauliza tu kwa niaba ya mfanyakazi mwenye chumba kimoja, mlango mmoja na watu wanane ndani: atakapokwisha kuung'oa ule mlango wake, je, wezi nao watakuwa wamepewa likizo kwa ajili ya Kiama?

Uswisi imekwenda mbali zaidi ya milango. Nchi hiyo imechimba mahandaki zaidi ya 360,000, yenye nafasi ya kutosha wakazi wake wote. Lakini siku za amani ni ndefu, na mahandaki mengi yamegeuka kuwa stoo za mvinyo na vitu vya zamani. Basi hata Mswisi, kwa utaratibu wake wote unaosifiwa, itambidi siku ya hatari ahamishe kwanza masanduku ndipo apate pa kujificha.

Sweden nayo mwaka 2018 ilipeleka kijitabu cha tahadhari katika nyumba zote za nchi, zipatazo milioni 4.8, na mwaka 2024 ikapeleka kingine. Mwezi Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukawataka raia wake wawe na akiba ya kuwatosha saa 72, na Kamishna mmoja wa Umoja huo, Bibi Hadja Lahbib, akajipiga filamu akionyesha vilivyomo katika mkoba wake: maji, tochi, redio, dawa, fedha taslimu, na karata za kuchezea. Watu wengi walizicheka zile karata. Sisi hatukuzicheka. Mtu akaaye na watoto watano gizani kwa siku mbili, huku mvua yapiga bati na simu zimezimika, atajua kwamba karata ni chombo cha uokoaji.

Lakini lipo tukio moja ambalo halichekeshi, na ndilo lenye mafunzo kuliko yote. Mji wa Pripyat, katika Ukraine, ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mtambo wa nyuklia wa Chernobyl na jamaa zao. Tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mtambo kulipuka, wakazi wake wapatao 49,000 walitangaziwa kwamba wanahamishwa kwa muda. Waliambiwa wachukue vitambulisho, vitu vya lazima na chakula kidogo. Ingekuwa kwa siku tatu tu. Mabasi yakaja, watu wakapanda, na mji ukabaki mtupu kwa muda wa saa chache. Siku tatu hizo hazijaisha mpaka leo. Nguo zilibaki kabatini na madaftari yalibaki shuleni. Kila mmoja wao alifunga mzigo wa safari fupi, kumbe amefunga mzigo wa maisha yake yote.

VIAMA VYA KWETU

Haitupasi kwenda Ukraine kutafuta mfano. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kikaipiga Lindi na kuharibu sehemu kubwa ya mji ule. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia pwani ya Sumatra ilivuka bahari nzima, ikagharimu maisha ya watu hata hapa Dar es Salaam. Desemba 2011 mvua zilijaza bonde la Msimbazi; zaidi ya watu 40 walikufa katika jiji hili, na wengi waliopoteza nyumba walipelekwa kuanza upya Mabwepande. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 hawakuliona tena jua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja upande wa Mafia.

Tuangalie tofauti ya haya mawili ya mwisho. Hidaya kilitangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa siku kadhaa kabla hakijafika. Mwenye masikio alipata nafasi ya kuvuta mashua yake na kufunga bati lake. Tope la Hanang halikutangaza kitu. Kwa hiyo mtu mwenye busara hujiandaa kwa ajili ya lile lisilotangazwa, na lile litangazwalo likija humkuta amekaa tayari.

KWANZA TUPUNGUZE

Maandalizi hayaanzi kwa kununua. Yaanza kwa kutoa. Mtu hawezi kupata tochi gizani ikiwa imelala chini ya miaka ishirini ya takataka. Basi tuingie ndani ya nyumba zetu, kila mtu na yake, tuhesabu bila ya kuoneana haya.

Kwanza, vitu vya "kitafaa siku moja". Redio isiyosema, feni isiyozunguka, pasi isiyopata moto, nyaya za simu zilizokufa tangu enzi ya simu za vitufe, na funguo kumi na tatu ambazo kufuli zake hazijulikani zilipo. Sheria yetu ni nyepesi: kitu kilichoharibika kabla ya masika ya mwaka jana na hakijapelekwa kwa fundi mpaka leo, hakiendi. Kipelekwe kwa fundi kesho, au kipelekwe kwa muuza vyuma chakavu leo.

Pili, makopo, madumu yaliyopasuka na matairi ya uani. Hivi si urithi. Ni nyumba za kupanga za mbu, nao hawalipi kodi. Mbu wa homa ya dengue hutaga mayai katika maji machache yaliyotuama kwenye vyombo kama hivyo, na jiji hili lilionja homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Kadhalika ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, ambayo bado imekunjwa vizuri chini ya godoro kana kwamba ni hati za serikali, wakati wa kuagana nayo umefika.

Tatu, vyombo vya wageni. Katika kabati la kioo kuna sahani na vikombe ambavyo wenye nyumba hawajapata kuvila wala kuvinywea. Vyangoja mgeni mkubwa. Mgeni mkubwa hakuja, na wa kwanza kuvigusa atakuwa ni maji ya mafuriko, ambayo hayasemi ahsante. Shauri letu: vitolewe, vitumiwe, watoto wa nyumba hiyo wale katika sahani nzuri wangali hai.

Nne, nguo. Ile suti iliyomkaa bwana vizuri siku ya arusi yake haitamkaa tena mpaka mmoja kati yao abadilike, na suti haibadiliki. Apewe kijana anayetafuta kazi.

Tano, karatasi. Ankara za zamani, kalenda za miaka iliyokufa, na magazeti. Ndiyo, hata gazeti hili. Likishasomwa, na likafungiwa maandazi, limemaliza wajibu wake kwa heshima zote.

Lakini hapa twapenda kuacha mzaha kidogo. Yote tuyatoayo ndani yasitupwe mtaroni wala mtoni. Mtu anayesafisha chumba chake kwa kuziba mfereji wa mtaa hajapunguza kitu. Amekihamisha tu, na siku ya mvua kitarudi kwake kimefuatana na maji ya watu wote. Mtaro ulioziba hauchagui nyumba ya aliyeuziba.

Jambo la mwisho la kupunguza ni kilichosimama njiani. Kabati nyuma ya mlango, mtungi wa gesi kizingitini, pikipiki iliyolazwa ukumbini usiku: kila kimoja ni mlinzi anayezuia watu wasitoke. Na zile nondo za madirishani tulizoziweka kwa hofu ya mwizi, zikifungwa kwa kufuli, basi ufunguo wake uwe mahali pamoja, na kila aliyemo ndani apajue, mpaka mtoto wa darasa la kwanza. Moto ukiwaka usiku hapatakuwa na nafasi ya kumwuliza baba ameuweka mfuko gani.

KISHA TUFUNGASHE

Sasa tufunge mzigo. Tuanze na hesabu, maana maandalizi ya wengi hufa kwenye hesabu. Mtu mmoja ahitaji lita zipatazo tatu za maji ya kunywa na kupikia kwa siku. Nyumba ya watu sita, kwa siku tatu, yahitaji lita 54. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo hizo ni kilo 54, zaidi ya nusu ya gunia la mahindi. Anayetaka kukimbia nazo na akimbie, nasi tutamshangilia. Kwa wengine twasema: akiba ya maji iwekwe nyumbani katika vyombo safi vyenye vifuniko, kwa siku ambayo bomba limekatika na nyumba ingaliko. Katika mkoba wa kukimbilia itoshe chupa moja kwa kila mtu, na dawa ya kutibu maji, ambayo haina uzito.

Chakula kiwe kile kisichohitaji jiko. Tumesikia habari za watu wanaokimbia na maharage. Maharage ni chakula cha heshima, lakini yataka sufuria, kuni, maji mengi na subira ya saa tatu. Wakati wa maafa hapana hata kimoja kati ya hivyo vinne. Karanga, tende, kashata, dagaa wa kukaanga na biskuti ngumu vyaliwa popote, hata juu ya paa.

Tochi, betri zake, kibiriti ndani ya kopo lisiloingia maji, filimbi, na redio ndogo. Filimbi ni ya nini? Sauti ya mtu aliyenaswa hukauka baada ya saa chache; filimbi haikauki, nayo yasikika mbali kuliko kelele.

Kanga. Hapa wanaume tunyamaze tujifunze. Doti moja ya kanga humbeba mtoto, humfunika mzee, huwa taulo, huwa pazia, huwa kivuli, huchuja maji yenye tope kabla ya kuchemshwa, hufunga mkono uliovunjika, na ikikunjwa kwa nguvu huwa kamba. Katika mikoba yote ya Ulaya tuliyoisoma habari zake hatukuona chombo kinachofanya kazi nane kwa uzito mdogo kama huo. Nacho mama zetu wanacho tangu zamani, tena chenye maneno ya kumjibu jirani.

Fedha ziwe kidogo, taslimu, tena noti ndogo ndogo. Fedha iliyo ndani ya simu ni nzuri maadamu mnara umesimama. Mnara ukianguka, tajiri na maskini wote salio lao ni moja. Na kwa ajili ya hiyo hiyo simu, nambari za watu watano wa muhimu ziandikwe kwenye karatasi. Zamani tulizijua kwa moyo. Siku hizi mume hajui nambari ya mkewe, aijua picha yake tu.

Dawa. Anayetumia dawa za sukari, za shinikizo la damu, za pumu, za kifafa au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, awe na akiba ya siku kadhaa mahali anapoweza kuishika gizani, pamoja na kadi yake ya kliniki na miwani yake. Viama vingi vidogo huua baada ya maji kupwa, kwa dawa zilizokosekana.

Mwisho wa mkoba, na pengine mwanzo wake, ni karatasi zile chache zilizobaki baada ya kuchoma ankara: vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, mkataba wa kazi, kadi ya bima, hati ya kiwanja. Ziwekwe katika mfuko mmoja usioingia maji, na picha zake apelekewe ndugu anayekaa mji mwingine. Nyumba ikichukuliwa na maji, majirani wote watajua ilikuwa ya nani. Lakini ofisini hawataulizwa majirani, itaulizwa karatasi. Kadi ya chama nayo itiwe humo, kwani ni nyepesi. Ila mtu asitegemee kuwaonyesha maji. Mafuriko hayaulizi mtu ni mwanachama tangu lini.

Ukisikia tangazo la kuhama, zima umeme kwenye swichi kuu, funga gesi, toka. Usiyavuke maji yaendayo kasi kwa kuwa yaonekana mafupi: sentimita 15 tu zatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 huweza kuelea gari dogo. Na ukishatoka, usirudi. Wengi walioangamia walikuwa wamekwisha kuokoka mara moja, wakarudi kufuata godoro.

KISICHOINGIA MKOBANI

Limebaki moja. Vitabu vyote vya wenzetu tulivyovitaja vyamfundisha mtu kujiokoa yeye na wa nyumbani mwake, ndani ya handaki lake, na karata zake. Si vibaya. Lakini sisi tunaishi nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta, na mkono wa kwanza utakaokuvuta kutoka topeni hautatoka katika kikosi cha uokoaji, maana kikosi kitakuwa bado njiani. Utakuwa ni mkono wa jirani, yule yule ambaye hamsemezani kwa sababu ya kuku.

Katika kila nyumba kumi pana bibi asiyeweza kutembea peke yake, pana mtoto asiyesikia, pana mama aliyejifungua juzi, pana mgonjwa alalaye chumba cha nyuma. Hao hawafungashi mkoba. Hao ndio wa kufungashwa. Balozi wa nyumba kumi anayejua nani amelipa mchango na nani hajalipa, hana budi kujua pia nani wa kubebwa, na nani wawili watakaombeba. Jambo hilo halihitaji bajeti wala semina. Lahitaji jioni moja, penseli na karatasi.

Basi Jumapili hii, ndugu wasomaji, tufanye kazi tatu. Asubuhi tutoe nje visivyofaa. Mchana tutie vinavyofaa katika mkoba mmoja na tuutundike karibu na mlango. Jioni tupite kwa majirani, tuulize nani hawezi kukimbia, na suala la kuku limalizwe siku hiyo hiyo. Kama Kiama hakitakuja mwaka huu, tutakuwa tumepata nyumba yenye nafasi, mtaro usioziba, na watu wa kusalimiana nao.